Ukishusha pikapu ya zamani, pima propela kabla hujanunua kabari

Mteja alirudi Jumatatu asubuhi. Hakuja na hasira, alikuja na maneno mawili tu: "Fundi, inavuma."

Pikapu yenyewe ni Chevrolet C10 ya mwaka 1971, bodi fupi, injini ya 350 na giaboksi ya Turbo 350. Ijumaa nilikuwa nimemkabidhi ikiwa imeshuka inchi 4 mbele na inchi 6 nyuma, imelala chini kama paka anayevizia. Mwenyewe ni kijana wa Mombasa, tumekutana hapa Houston, na pikapu hiyo ameitunza kuliko saa yake ya harusi. Tukatoka naye barabara kuu. Mpaka maili 50 kwa saa gari limetulia. Ikifika 60 unaanza mvumo, si wa kutikisa usukani, ni ule unaoingia kwenye meno. Kioo cha ndani kikawa kinaonyesha gari la nyuma mara mbili.

Nikafanya kosa ambalo mafundi wengi hulifanya: nikaivua propela, ile shafti ndefu inayopeleka mzunguko kutoka giaboksi hadi difu ya nyuma, nikaipeleka kubalansishwa. Ikarudi, tukaifunga, inavuma vilevile. Duka likaniambia shafti haina tatizo hata kidogo. Nikaipeleka duka jingine. Jibu lile lile, na risiti ya pili.

Jioni nikampigia simu mzee aliyenifundisha kazi Tanga.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Habari za huko?"

Nikamweleza yote. Akanyamaza kidogo.

"Umepima?"

"Nimeibalansisha mara mbili, mzee."

"Sikukuuliza hilo. Umepima?"

Sikuwa nimepima. Nilikuwa na miaka mingi ya kazi na sikuwa nimepima, kwa sababu kwetu tatizo lilikuwa likija kwa upande wa pili. Tanga mteja akitaja springi ujue anataka gari lipande: aongezewe jani moja, mawili, apite na mzigo wa machungwa kutoka Muheza bila kugusa matairi. Huku watu wanalipa pesa nzuri gari litambae. Ila propela haijui kama umepanda au umeshuka, inachojua ni kwamba mahali pake pamebadilika.

Kinachotokea ndani ya krosi

Krosi ni kile kiungo cha umbo la msalaba kwenye ncha ya propela, kinachoiruhusu kupinda huku ikizunguka. Ikiwa imenyooka hupitisha mzunguko kama ulivyo. Ikipinda, upande wa giaboksi unaweza kuzunguka kwa mwendo ule ule mmoja, lakini upande wa pili huharakisha na kuchelewa, mara mbili kwa kila mzunguko. Kwa pembe ya digrii 4 na nusu tofauti hiyo ni kama theluthi moja ya asilimia. Utasema ni kidogo. Hebu piga hesabu ya gari hili: tairi la kipenyo cha inchi 28 linazunguka kama mara 720 kwa maili. Kwa maili 65 kwa saa ni mizunguko 780 kwa dakika. Difu yake ni 3.73, yaani propela huzunguka mara 3.73 tairi likizunguka mara moja, kwa hiyo propela inazunguka karibu mara 2,900 kwa dakika, yaani mara 48 kwa sekunde. Ikiharakisha na kuchelewa mara mbili kila mzunguko, umepata mitetemo 97 kwa sekunde. Huo ndio mvumo wa kwenye meno.

Ujanja wa waliobuni propela ni kuweka krosi mbili. Ya mbele ikiharibu mwendo, ya nyuma inaurudisha sawa, kwa masharti mawili. Kwanza, yoki, yaani uma zinazoshika krosi, za ncha mbili za propela zitazame upande mmoja. Fundi aliyeivua shafti ya vipande akairudisha imekosewa jino moja amejitengenezea mtetemo ambao hakuna kabari (kipande kinene upande mmoja na chembamba upande wa pili, cha kuinamisha ekseli) itakayouponya, kwa hiyo piga alama ya rangi kabla ya kuchomoa chochote. Pili, pembe ya krosi ya mbele na ya nyuma zilingane, zisipishane zaidi ya digrii 1.

Sharti la tatu ni la uhai wa krosi yenyewe. Kila moja isizidi digrii 3 kwa gari la barabara kuu, na isiwe chini ya nusu digrii. Watu wanashangaa hilo la mwisho. Krosi iliyonyooka kabisa, sindano zake za beringi hazitembei. Zinakaa pale pale zikigongwa mpaka zinachimba vijishimo kwenye kikombe. Ukiwahi kufungua krosi ukakuta mistari kama ya vidole vya mwizi kwenye kikombe, ndiyo hiyo.

Jinsi ya kujua ni pembe na si kitu kingine

Tairi lililokaa vibaya linatikisa taratibu, kwa mwendo huo huo wa 65 ni mara 13 tu kwa sekunde, na unalihisi kwenye kiti. Propela isiyo na balansi ni mara 48. Pembe mbaya ni mara 97. Simu yako inaweza kukuhesabia: zipo programu za kupima mtetemo kwa kihisi cha simu, iweke juu ya sakafu ya kebini, siyo mkononi. Kama huna, tumia mguu. Kanyaga mafuta ukiwa kwenye mwendo wa mvumo, kisha achia. Mvumo ukibadilika sana kati ya kuvuta na kuachia, shuku pembe. Ukibaki vilevile, rudi kwenye matairi na balansi. Na gari linalotetemeka wakati wa kuondoka tu, maili 5 mpaka 15, hasa likiwa na mzigo, mara nyingi krosi ya nyuma imepinda kupita kiasi.

Kupima, na hapa usiwe na haraka

Gari lipimwe likiwa limesimama kwa matairi yake. Si kwenye lifti inayobeba chesisi huku ekseli ikining'inia, maana hapo unapima gari ambalo halipo. Shida ya pikapu iliyoshushwa ni kwamba huingii chini yake. Mimi nilikata mbao za 2 kwa 10 nikazipanga na kuzipigilia misumari, majukwaa manne marefu ya futi 4 kila moja, nikaipandisha gari juu yake kwa mbao za mteremko. Weka vigingi mbele na nyuma ya matairi, na stendi chini ya chesisi hata kama haziigusi. Jeki peke yake si kitu cha kulala chini yake, sihitaji kuhubiri.

Tanki la mafuta kwenye pikapu hizi mpaka mwaka 1972 liko ndani ya kebini, nyuma ya kiti, kwa hiyo likijaa au likiisha halisogezi sana nyuma ya gari. Lakini mwenye gari kama ana sanduku la zana bodini siku zote, liache humo. Pima gari linavyotembea.

Kipimo ninachotumia ni kile cha kidijitali chenye sumaku, cha bei ya chakula cha watu wawili. Pima maji ya kawaida yenye kipimo cha pembe nayo inatosha kama macho yako ni mazuri. Sakafu isiponyooka usihangaike, maana tunachotafuta ni tofauti kati ya vitu vitatu, mradi gari lisihame jukwaa ukiwa katikati ya kazi.

Vitu vitatu ni hivi: mteremko wa giaboksi, mteremko wa propela, mteremko wa pinioni. Pua ya difu naiita pinioni kwa urahisi.

Propela ni rahisi, bandika kipimo juu ya bomba lenyewe, mbali na mshono wa welding na vile vibati vya balansi. Giaboksi na pinioni ndipo watu wanapodanganyika. Usipime juu ya sufuria ya mafuta ya giaboksi. Usipime juu ya kifuniko cha difu, ni bati tu. Zungusha propela mpaka kikombe kimoja cha krosi kilichoshikwa na yoki ya giaboksi kitazame chini kabisa, toa saklipu yake (pete inayokishika), futa grisi, na bandika kipimo juu ya uso wa kikombe ukifuata urefu wa gari. Uso huo uko sambamba na mhimili wa yoki. Kisha fanya hivyo hivyo kwenye yoki ya pinioni, maana yoki za propela zikiwa zimekaa sawa, kikombe chake nacho kinatazama chini wakati huo huo. Kuzungusha propela si kazi: kwa difu ya 3.73, ukisukuma gari inchi 6 hivi inageuka robo mzunguko. Ndiyo maana majukwaa yangu ni marefu. Baada ya kusukuma, pima tena chesisi mahali pale pale ulipopima mwanzo ili ujue kwamba gari halikuinama. Rudisha vigingi.

Andika kila namba pamoja na uelekeo wake. Mimi naandika "inashuka nyuma" au "inapanda nyuma", kwa maneno, kwa sababu alama za kujumlisha na kutoa hunichanganya nikiwa nimelala chali na vumbi machoni. Miteremko miwili inayokwenda upande mmoja unatoa, inayokwenda pande tofauti unajumlisha. Hiyo ndiyo pembe ya krosi.

C10 ya kijana ilisoma hivi. Giaboksi 4.1, inashuka nyuma. Propela 1.2, inashuka nyuma. Pinioni 3.4, inapanda nyuma, yaani pua ya difu inatazama chini. Krosi ya mbele: 4.1 kutoa 1.2, ni 2.9. Krosi ya nyuma: 1.2 kujumlisha 3.4, ni 4.6. Zimepishana 1.7, na ya nyuma imevuka 3 kwa mbali. Risiti mbili za balansi ziko mfukoni na jibu lilikuwa kwenye kipimo cha bei ya wali kuku.

Kwa nini pua ilianguka

C10 za kizazi hiki, ukiacha zile chache zilizoagizwa na springi za majani, nyuma zina mikono miwili mirefu ya chuma. Mbele imeshikwa na chuma kinachokatiza chesisi, nyuma ekseli imekaa juu ya mikono na kufungwa kwa yu-bolti. Springi ni za mviringo. Mkono na ekseli ni kitu kimoja, hakuna kiungo kati yao. Ukishusha chesisi, ncha ya mbele ya mkono inashuka nayo, ekseli inabaki juu ya tairi, na mkono mzima unainama mbele. Pua inainama nao. Mkono wa inchi 50 kwa kila inchi 1 unayoshusha unainama digrii 1 na kidogo. Shusha inchi 5 pale penye kiungo na pua imeanguka karibu digrii 6. Juu ya hilo, mbele imeshuka 4 na nyuma 6, kwa hiyo chesisi yenyewe imeegemea nyuma inchi 2 kwa urefu wa inchi 115 kati ya magurudumu. Hiyo ni digrii 1 nyingine kwenye giaboksi.

Pikapu za 1973 mpaka 1987 ni habari nyingine, zina majani nyuma. Kiwandani ekseli iko chini ya springi, na wanaoshusha sana huihamisha ikakaa juu. Hapo pua haianguki kwa hesabu ya mkono, inakaa kulingana na kitako kipya ulichokifunga. Majani nayo yanajikunja ukikanyaga mafuta na pua inainuka, kwa hiyo ikiwa imesimama iache digrii 2 chini ya pale unapotaka iwe inapovuta. Mikono ya C10 ni migumu, kwake naacha digrii 1.

Kabari kubwa iliyoniaibisha

Nikiwa na namba mkononi nikajiona nimemaliza. Pua iko chini, nitaiinua. Nikanunua kabari za chuma za digrii 4, nikalegeza yu-bolti, nikaziingiza kati ya ekseli na mkono, upande mnene mbele. Nikapima tena kwa kujiamini kabisa.

Pinioni sasa 0.6, inashuka nyuma. Ilivyotarajiwa. Lakini propela imetoka 1.2 ikawa 0.4, na sikuwa nimeigusa. Pua ya difu iko kama futi moja mbele ya katikati ya ekseli. Ukiizungusha digrii 4, ncha yake inapanda zaidi ya robo tatu ya inchi, na propela inapanda nayo. Krosi ya nyuma ikawa 0.2, imenyooka kiasi cha kuua sindano zake. Ya mbele ikawa 3.7. Zamani zilipishana 1.7, sasa 3.5. Nilikuwa nimelipa pesa kuharibu zaidi.

Kwa hiyo usinunue kabari ya kufuta namba unayoiona kwenye pinioni. Ukigusa ncha moja, mstari wa katikati unahama na krosi zote mbili zinabadilika. Chora kwenye kadibodi. Nilichora propela ya inchi 58 kwa kipimo cha moja kwa kumi, nikatoboa matundu mawili ya misumari, nikawa nasogeza ncha na kusoma. Inchi nusu kwenye ncha yoyote ya shafti ya urefu huo ni nusu digrii kwenye propela.

Jibu lililofanya kazi lilikuwa dogo kuliko aibu yangu. Nikainua mkia wa giaboksi kwa pleti ya chuma ya nusu inchi kati ya mauntini na chuma cha chini, pamoja na bolti ndefu zaidi. Giaboksi ikatoka 4.1 ikawa 3.2. Nikatoa kabari za digrii 4, nikaweka za digrii 2. Pinioni ikawa 1.4, inapanda nyuma. Propela 1.3, inashuka nyuma. Krosi ya mbele 3.2 kutoa 1.3, ni 1.9. Ya nyuma 1.3 kujumlisha 1.4, ni 2.7. Tofauti 0.8 gari likiwa limesimama, na pua ikiinuka kidogo inapovuta, ya nyuma inasogelea ya mbele.

Hapa kuna mtu atanipinga, na ana haki ya kuuliza. Utaambiwa kwamba giaboksi na pinioni lazima ziwe sambamba, basi. Kwenye gari ambalo halijaguswa ndivyo mara nyingi ilivyo, na kama unaweza kufika hapo fika. Lakini krosi haijui sambamba. Inajua pembe yake ni ngapi. Pembe mbili zinazolingana zinafutana hata kama mistari imepinda kama upinde, giaboksi inashuka na pinioni inapanda, mradi yoki zimekaa sawa. Kwenye C10 iliyoshuka hivi, kutafuta usambamba kungenidai kuinua pua digrii 6 au 7, na mnyororo mzima wa matatizo mengine. Sikuona sababu.

Unapoinua mkia wa giaboksi, nenda mbele ukaangalie. Injini inainama puani, feni inakaribia mdomo wa chini wa kava la rejeta. Distributa ya injini hizi iko nyuma, karibu na ukuta wa kebini. Kagua fimbo ya gia, kebo ya spidomita, na bomba la ekzosi pale linapopita. Gari hili lilikuwa na nafasi. Jingine nililofanya mwezi uliofuata halikuwa nayo, na ilibidi niishie robo inchi.

Kabari nunua za chuma. Za alumini ya kumimina zipo, ni za bei nafuu, na chini ya pikapu inayobeba vitu nimeziona zimepasuka katikati, na kabari iliyopasuka inalegeza yu-bolti bila kukuaga. Yu-bolti nazo nunua mpya. Ya zamani imeshavutika mara moja, ukiongeza unene wa kabari inakosa nyuzi za kushika nati. Tundu la kabari liwe linaingia vizuri kwenye kichwa cha bolti ya katikati, maana hicho ndicho kinachozuia ekseli kuteleza.

Propela ya vipande viwili

C10 nyingi za bodi ndefu, zile za inchi 127, zina vipande viwili na senta beringi. Senta beringi imefungwa kwenye chesisi, inashuka pamoja na giaboksi, kwa hiyo krosi ya kwanza haibadiliki kwa kushusha gari. Kilichobadilika chote kimetua kwenye kipande cha nyuma, na kipande cha nyuma ni kifupi. Shafti ya inchi 30, inchi moja tu ni karibu digrii 2. Ndiyo maana hizi huvuma zaidi na huua senta beringi.

Kwake naanza na kipande cha mbele: kikae karibu mstari mmoja na giaboksi, nusu digrii mpaka digrii 1 na nusu, si zaidi. Kisha kipande cha mbele kinachukua nafasi ya giaboksi kwenye hesabu yangu, na krosi mbili zilizobaki nazilinganisha kama kawaida. Senta beringi unaweza kuiinua kwa kuhamisha kitako chake au kuishusha kwa vipande vya chuma, lakini ukiigusa pima upya krosi zote tatu. Na uangalie tundu la chuma cha katikati ambamo propela hupita. Gari likishuka, propela inakaribia ukingo wa juu wa tundu. Weka mtu mzito bodini uangalie tena.

Mambo ambayo hayapimwi kwa kipimo cha pembe

Kuna fimbo ya kukingama inayoshika ekseli isiende kushoto na kulia. Ya kiwandani kwenye C10 ni fupi, na fupi huchora duara kali: ekseli ikipanda inchi 6 inasukumwa upande. Pima kutoka ukingo wa chesisi hadi tairi, kushoto na kulia. Ya kijana ilikuwa imehama robo tatu ya inchi, ambayo kwa propela ya inchi 58 ni zaidi ya nusu digrii ya pembe ya pembeni ambayo kipimo chako cha chini hakiioni. Fimbo ndefu inayorekebishika inaondoa hilo, na tairi nayo inaacha kukwangua bodi upande mmoja.

Chomoa propela upande wa nyuma, sukuma yoki ndani ya giaboksi mpaka iguse mwisho, halafu irudishe mahali pake. Ibaki nafasi ya kama inchi 1. Ikibaki chini ya nusu, siku gari litakapopiga shimo yoki itagonga ndani ya giaboksi, na utakachonunua si krosi tena.

Shokapu za urefu wa kiwandani na vizuizi vya raba, hayo ni ya somo la kushusha gari lenyewe, na kama chesisi haijakatwa na kuongezewa upinde juu ya ekseli, kwa inchi 6 utaisikia ikigonga kabla hujafika nyumbani.

Kufunga

Kaza yu-bolti kwa zamu, mshazari kwa mshazari, kidogo kidogo, gari likiwa limesimama kwa matairi. Nati moja ikikazwa mpaka mwisho kabla ya wenzake, kabari inalala upande na namba zako zote zimekuwa hadithi. Pima tena baada ya kukaza. Zangu zilihama digrii 0.3.

Tulitoka barabara kuu saa tatu usiku, magari yamepungua. Maili 60, 65, 70. Kijana akaweka chupa ya maji juu ya dashibodi, akaitazama badala ya barabara mpaka nikamfokea. Maji yalikuwa yametulia. Kwa 72 kuna mvumo hafifu bado, nadhani ni tairi la nyuma kushoto, atalibadilisha mwisho wa mwezi.

Alirudi baada ya maili 100 nikakaza yu-bolti tena. Nati mbili zilikubali robo mzunguko. Namba sita, tatu za kabla na tatu za baada, nimeziandika kwa kalamu ya rangi ndani ya mlango wa kisanduku cha glavu, ili fundi atakayefuata asianze na kubalansisha.